TAHADHARI wenye 1NZ: ukiambiwa "gari la zamani linataka oili nzito", usitoe hela

Ndugu zangu wenye Toyota IST, Raum, Spacio na Premio za injini ya 1NZ-FE, kaeni macho. Kuna wauza oili ambao swali lao la kwanza ni gari la mwaka gani. Ukisema 2003, unaletewa 20W-50 au SAE 40 tupu: "Likizeeka linataka nzito." Hapo anamaliza mzigo wake uliolala dukani.

Injini hiyo ni ya 5W-30 (namba ya kabla ya W ni uzito wa oili ikiwa baridi, ya mwisho ni ikiwa moto). VVT-i yake, yaani mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, inasukumwa na oili, ikipitia kichujio kidogo mno, na kikaza cheni kinategemea presha hiyohiyo. Oili nzito ikiwa baridi huchelewa kufika juu. Ukiwasha asubuhi unasikia cheni ikilia, na sekunde hizo ndizo zinazokula vyuma. Dar kuna joto, athari ni ndogo; Makete alfajiri ya mwezi wa 7, 20W ni kuitesa injini.

Geuza kopo usome nyuma. Tafuta "API" (daraja la ubora wa oili) na herufi mbili zinazofuata. Ukikuta SC, SD au SF, rudisha palepale. SF haifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988! La 2003 lipe SL au za baadaye: SM, SN, SP. Mbele ya kopo huandikwa maneno makubwa ya kuvutia, herufi hizi zinabanwa pembeni.

Kama kweli linakula oili, panda kidogo tu, 10W-40, na upime kwa kijiti kila wiki. Moshi wa bluu wa ringi au sili za valvu zilizokwisha hauponi kwa oili nzito, unafichika kwa muda. Ndiyo maana wapo madalali wanaojaza oili nzito ya 50 kabla ya kukuonyesha gari. Unaponunua, chomoa kijiti uone oili inavyodondoka; ikiwa nzito mno, shtuka.

Na kopo lenyewe: pete ya kifuniko isiwe imekatika, sili ya ndani isiwe na gundi. 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo kopo la lita 4 lazima libaki na kitu. Fundi asimimine lote. Ondoka na kopo lako, na likiisha litoboe kitako, maana makopo mazima ndiyo yanayotafutwa na wanaojaza oili chafu iliyochujwa.