Kwani Shosho Uliosha?

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe. Kuna duka moja la vitambaa pale Biashara Street, jina naliacha, wenyewe wakisoma watajijua. Siku zile baridi ya Nairobi ilipoanza kuuma, niliingia kutafuta flana, kile kitambaa laini chenye manyoya, nimshonee mjukuu wangu wa kwanza blanketi la viraka, lile watu wa pwani huita mfarishi. Nikamuuliza kijana wa dukani, tena mara mbili: "Hii nikiiosha haitarudi, ipungue?" Akaisugua kwa kidole gumba. "Hii ni pamba tupu, mama. Orijino. Hairudi hata uichemshe."

Wakati huo nilikuwa mama. Kumbukeni hilo.

Nikabeba mita tatu, za manjano zenye vifaranga. Viraka vingine nilivikata kwenye mashati ya flana ya mitumba ya soko la Gikomba, yale ya drafti yaliyovaliwa na kufuliwa huko yalikotoka mpaka yakalainika kama sikio la sungura. Nikashona usiku usiku kwa cherehani yangu ya kukanyaga, sindano namba 14. Flana ina kazi. Ukiikata mshazari inavutika, pembeni inatoka nyuzi hadi lazima uache mshono wa nusu inchi, na vumbi lake hujaa pale bobini inapokaa, kila saa unafungua na kupiga brashi. Lakini lilitoka zuri. Hata mzee wangu, mtu asiyesifu kitu, alilishika akauliza, "Hili ni langu?"

Kisha nikalifua. Mara moja tu, kwa maji ya vuguvugu.

Jioni naenda kulianua, silijui. Viraka vya Gikomba vilikuwa vilevile, vilishamaliza kurudi zamani. Flana mpya ndiyo iliyorudi, na kwa kuwa ndiyo niliyoweka upande wote wa chini, ikavuta kila kitu. Pembe zikakunjamana kama chapati iliyosahauliwa jikoni, viraka vya mashati vikafura katikati kama maandazi. Nikapima: upande wa inchi 60 umebaki 56 na kitu.

Nikalibeba hadi dukani. Kijana akalitazama, akanitazama mimi, na mbele ya wateja akasema: "Kwani shosho uliosha?"

Kwani shosho uliosha! Blanketi la mtoto! Mtoto anayekojoa! Alitaka nilianike juani nilipungie hewa? Na hiyo "shosho", yaani nyanya, imetoka wapi? Wakati wa kutoa pesa mimi ni mama, wakati wa kudai nimeshazeeka. Ni kweli nina mjukuu, ila cheo hicho nilipewa na mtoto wa binti yangu, si yeye. Wanawake wawili waliokuwa wakipimiwa pazia wakacheka. Sijui walimcheka nani. Nimeliwaza hilo ndani ya matatu mpaka Donholm.

Haya, haki yake nimpe. Nyumbani nilichoma uzi wa ile flana yake kwa kiberiti: ukanuka karatasi, ukaacha jivu laini. Poliesta ingeyeyuka ikawa kidonge kigumu. Kwa hivyo kwenye pamba hakunidanganya. Na pamba hurudi, flana ndiyo zaidi. Mama yangu alinifunza tangu zamani: loweka kabla hujakata. Sikuloweka kwa sababu nilimwamini yeye, na kwa sababu nilikuwa na haraka. Tugawane kosa nusu kwa nusu. Hapana, robo yangu, robo tatu zake.

Nyota moja. Msiende.

Ila mtoto amelipenda. Yale maandazi ndiyo anayafinyafinya mpaka alale, na binti yangu amenikataza kulifumua. Sasa jirani ameliona, anataka la kwake, lenye vifaranga hivyohivyo. Nimezunguka Eastleigh na River Road, havipo. Nitamtuma binti yangu akanunue, mimi mguu wangu hauingii pale. Au niende mwenyewe tu. Nataka kusikia safari hii ataniita nani.