Lori la kazi lililotumika: lipi ununue kwanza hapa Lubumbashi, lipi uliache

Lori la kazi ni mashine mbili: gari lenyewe, na kile kilichofungwa mgongoni, iwe kreni, tangi au pampu. Komisioneri, yaani dalali wa magari, atakuonyesha ile ya kwanza. Atawasha injini, atakanyaga mafuta, atafungua mlango uone viti vilivyoshonwa upya. Ya pili ndiyo itakayomaliza pesa yako. Kwa hiyo mimi hupanga malori haya kwa swali moja tu: hiyo mashine ya mgongoni ikifa leo, gari litafanya kazi gani kesho asubuhi?

Kwa kipimo hicho, namba moja ni lori la bodi wazi lenye kreni nyuma ya kabini. Najua wengi wangetaja benne, lori la kumwaga mchanga, kwanza. Lakini kuanzia hapa mjini hadi Likasi na Kolwezi hakukosi kitu kizito cha kushusha: jenereta, transfoma, vyuma vya hangari, mota ya pampu. Na kreni ikigoma, bodi bado inabeba saruji, unga na makaa.

Kreni hupimwa kwa tani-mita, yaani uzito mara umbali. Ya tani-mita 10 inainua karibu tani 5 mkono ukiwa umefika mita 2. Ukinyooka hadi mita 10, hata tani moja haifiki, maana chuma cha mkono wenyewe nacho kina uzito. Muuzaji husema "inainua tani tano" halafu ananyamaza. Tafuta kibao cha uzito kwenye mkono. Kama kimebanduliwa, kuna mtu aliyetaka usikisome. Kisha jaza maji kwenye tangi la lita 1,000, hiyo ni tani moja kamili. Teremsha miguu ya pembeni, inua, zima injini, chora mstari wa chaki kwenye silinda pale chuma king'aacho kinapoanza. Nenda kanywe chai. Ukirudi ukakuta mstari umemezwa, sili zimekwisha au valvu zinavuja, na bei ianze kuzungumzwa upya.

Usidanganyike na kilomita. Kreni na pampu hufanya kazi gari likiwa limesimama, injini inanguruma mchana kutwa na namba za dashibodi hazisogei. Omba kuona mita inayohesabu saa za injini. Kama haipo, tazama kanyagio la klachi lilivyolika.

Namba mbili ni benne, na hapa nina kidonda changu. Ya kwanza niliyoinunua ilikuwa na rangi mpya hadi chini ya chasisi, nikafurahi kama mtoto. Mwezi wa pili, imebeba mchanga uliolowa, shofa, yaani dereva, akanyanyua sanduku, likapinda upande kama mlevi. Tulipokwangua rangi kwa bisibisi nyuma ya kabini, tukakuta bamba limechomelewa juu ya ufa, na ufa umeshatoka nje ya bamba. Tangu siku ile siendi kuangalia lori bila bisibisi na kipande cha katoni cha kulalia chini yake. Rangi mpya kwenye chasisi ni sababu ya kukwangua.

Hesabu pia mzigo. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama tani 1.6, na ukilowa inakaribia tani 2. Sanduku la mita 15 likijaa mchanga wa mvua ni karibu tani 30, na hakuna lori la kawaida la barabarani la ekseli tatu lililoundwa kubeba hivyo kila siku. Ukinyanyua sanduku ili ukague silinda, weka nguzo ya chuma au gogo kabla hujaingiza kichwa. Mpira wa haidroliki ukitaka kupasuka haupigi hodi.

Kuhusu aina: Howo ya Kichina ya nguvu farasi 371 haina raha, lakini injini yake imetokana na teknolojia ya Steyr ya Austria, na makanika wetu wengi wameshaifungua. Mercedes za zamani, zenye pampu ya mafuta ya kawaida isiyo na kompyuta, ni ngumu kufa. Zile za Ulaya za Euro 5, nyingi hudai kimiminika cha urea na mazutu, yaani dizeli, safi. Kompyuta ikikasirika, inapunguza nguvu ukiwa katikati ya mlima.

Namba tatu ni sitèrne, lori la tangi la maji. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, vumbi jekundu linaipa kazi. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, inapumzika, na wewe unaendelea kumlipa shofa. Pampu ikifa, utafunga ya petroli ya kukodi siku hiyohiyo. Tatizo ni tangi. La mafuta lenye lita 20,000 lilibeba petroli ya tani 15 hivi. Lijaze maji, umepakia tani 20, na springi zitakwambia. Lililobeba asidi ya migodini usilipeleke kwa maji ya kunywa, hata mwenyewe akiapa kwamba limeoshwa. Ingiza taa kwenye tundu la juu uone kama kuta za kukata mawimbi bado zipo. Bila hizo, maji ya nusu tangi yatakusukuma kwenye kila kona.

Namba nne, gari la kunyonya vyoo. Kazi ipo, hasa mvua zikijaza mashimo, na washindani ni wachache kwa sababu ya harufu. Ila pampu ikifa, gari halina kazi nyingine kabisa. Funga valvu zote, vuta hewa ndani ya tangi hadi geji ya utupu ikaribie bar 0.8, zima, hesabu dakika kumi. Sindano isirudi.

Karatasi ni fupi: namba iliyogongwa kwenye chasisi ifanane na ya kwenye kadi na ya karatasi za DGDA, yaani forodha, herufi kwa herufi. Malori mengi yanayopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yana usukani wa kulia, maana Zambia na Afrika Kusini wanapita kushoto. Huku Kongo tunapita kulia, na shofa wako atayapita malori mengine kwa macho ya konvoyeri, msaidizi wake anayekaa upande wa pili. Kabla hujalipa, muulize deklaranti, wakala wa forodha, sheria ya umri na ya usukani ikoje mwezi huo. Tazama na tairi: 2319 ubavuni ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mwisho kabisa ni lori la kuchanganya zege. Liko moja kwenye ua fulani njia ya kwenda Ruashi. Injini ilizimika zege likiwa ndani, pipa halikuzunguka tena. Mwenyewe bado analitangaza kuwa linauzwa, na mbuzi wanalala chini yake.