Kompresa ya kubeba kwa matairi ya semi: miezi minane nikiwa nayo njia ya Tunduma

Kompresa yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya namba. Boksi lilikuwa limeandikwa 150 PSI, kipimo cha msukumo wa upepo, kwa wino mwekundu, na mimi matairi yangu ya 315/80 naweka upepo 115 hadi 120, kwa hiyo nikaona inatosha kabisa. Shilingi 45,000, ndogo kama tofali, inachomekwa pale pa kuwashia sigara. Ikakaa chini ya kitanda cha kebini miezi mitatu bila kazi.

Kazi yake ilikuja usiku, katikati ya hifadhi ya Mikumi, tumebeba mzigo kamili. Utingo alikuwa anagonga matairi kwa nyundo, akaniita: "Kaka, hili la ndani limelala." Ni tairi la ndani la ekseli ya mwisho ya trela. Geji ikasoma 60. Pale si mahali pa kukaa, tembo wanavuka barabara na taa za magari zinawachanganya. Nikachomoa kompresa nikaiunganisha kwenye konveta ya kushusha umeme, maana gari ni volti 24 na kompresa ni ya 12. Dakika kumi ikapiga kelele kweli kweli. Nilipopima, 68. Mpira wake ulikuwa umelainika kwa joto pale unapoingia kwenye chuma, na nilipowasha mara ya pili fyuzi ya konveta ikakatika.

Tukatambaa hadi Mikumi mjini. Fundi tairi alipolifungua tu, akainamisha tairi na unga mweusi wa mpira ukamwagika chini kama majani ya chai. Akakataa kulijaza tena, na nilimshukuru. Tairi likishatembea na upepo mdogo chini ya mzigo, nyaya za ubavuni huwa zimechoka na kukatika ndani kwa ndani. Kwa nje halionyeshi kitu, ila ukilijaza linaweza kuachia ubavu mzima kwa mkupuo, kama zipu iliyofunguka, na aliyechuchumaa hapo anaweza asipone. Ndugu zangu madereva, hili ni la kwanza kabla ya kuzungumzia kompresa ya aina yoyote: tairi lililopungua sana kisha likatembea, usilijaze porini. Livue, likaguliwe, lijazwe ndani ya keji, yaani kizimba cha chuma cha kuzuia mlipuko. Na wale wenye rimu za ringi, za 12.00R20, ambazo tairi linashikiliwa na ringi ya chuma ya kuvulika, mnajua wenyewe ringi ikiruka inavyoua.

Niliporudi Dar nikakaa na fundi umeme wa gereji yetu, akanifungua macho. PSI inakwambia kompresa inaweza kusukuma hadi wapi. Kinachojaza tairi ni lita. Tairi la 315/80R22.5 ndani yake lina nafasi ya kama lita 150. Kulitoa 60 kulifikisha 115 ni kulisukumia zaidi ya lita 550 za hewa ya kawaida, kabla haijabanwa. Ile ndogo yangu iliandikwa lita 35 kwa dakika, lakini hizo zimepimwa mpira ukiwa wazi, hausukumi dhidi ya kitu. Tairi likishakuwa na upepo mwingi ndani, lita zinashuka sana. Kwa nilivyoipima mwenyewe Mikumi, ilikuwa inatoa kama lita nane kwa dakika. Piga hesabu ya lita 550 hapo, na mashine yenyewe haitakiwi kufanya kazi zaidi ya robo saa bila kupumzika.

Kwa hiyo safari ya pili ya dukani, Gerezani, nilikwenda na maswali matatu. Volti 24 halisi au inahitaji konveta? Inatoa lita ngapi ikiwa kwenye upepo 100, si kwenye sifuri? Na inafanya kazi dakika ngapi mfululizo? Maduka mawili hawakuwa na jibu zaidi ya "hii ni kubwa, bosi wangu". La tatu kijana alinisikiliza, nikamwambia kama anaiamini tuijaribu kwenye gari. Nilishusha tairi moja la mbele hadi 70, tukabana vibano kwenye betri, injini inanguruma, nikashika saa. Ilifika 110 kwa dakika tisa. Nikalipa 280,000 palepale.

Ni ya silinda mbili, ya kutoka China, haina jina la kulitaja. Inabanwa moja kwa moja kwenye betri zote mbili. Msimdanganye mtu achukue volti 12 kwenye betri moja ili kuokoa hela: betri hiyo inachoka peke yake, nyingine inachajiwa kupita kiasi, mwisho unanunua zote mbili. Na injini iwake muda wote, hii mashine inakula umeme.

Kasoro zake zipo. Mpira unaokuja nao ni mita saba na nusu, na kutoka kwenye betri hadi ekseli ya mwisho ya trela haufiki hata kwa kuvuta. Nimeongeza mita kumi. Ongeza mpira wa upepo, usiongeze waya wa umeme, kwa sababu waya mrefu mwembamba unapoteza nguvu na mota inachemka. Kichwa chake cha kufunga kwenye valvu ni cha kukaza kwa skrubu; kwa tairi la ndani mkono hauingii vizuri. Nilinunua kile kirefu cha pande mbili wanachotumia mafundi tairi. Geji yake inazidisha karibu 8, sasa napima kwa geji yangu tu, tena asubuhi kabla gari halijatembea.

Kuna jambo wauzaji hawatakuambia. Lori lako lina kompresa tayari, ile ya breki, na ina lita nyingi kuliko hizi zote za kubeba. Malori mengi ya Ulaya yana sehemu ya kuchukulia upepo wa tairi karibu na draya ya hewa, kile kifaa kinachokausha upepo wa breki, na sehemu hiyo ina kifuniko kidogo. Unafunga mpira, unawasha injini. Kama mitungi ya upepo wa breki imejaa haitoi kitu. Kanyaga breki mara kadhaa upepo ushuke, kompresa ianze kusukuma, ndipo tairi litajaa. Kama ya kwako inafanya kazi, nunua mpira mrefu na geji nzuri kwanza, hela ya kompresa iache mfukoni.

Kwenye lori langu nyuzi za sehemu hiyo zimelika, na gari ni la zamani, mitungi inaishia bar 8, ambayo ni kama 116. Tairi likikaribia hapo linajaa kwa kusuasua hadi unakata tamaa. Ndiyo maana nimebaki na ya kubeba, na kwa miezi minane hii haijaniangusha, ukiacha mara moja Chimala ilipokosa pumzi kabisa. Utingo alifungua kifuniko cha kichujio, spongi ilikuwa imeshika vumbi hadi imekuwa ngumu kama gome la mti. Tukaikung'uta, tukaifua kwa sabuni, tukaianika juu ya bampa. Ilipokauka ilirudi kama zamani, na jioni hiyo tukavuka Mbeya matairi yote yakiwa 115.