TAHADHARI: Planta za mahindi za "ofa ya msimu" zinazouzwa kwenye simu

Wakulima wenzangu wa Mbozi, Momba, Ileje, na nyie wa Rukwa na Njombe, kama kuna aliyeshika simu sasa hivi anataka kutuma hela ya planta, yaani mashine ya kupandia mahindi ya kusukuma kwa mkono, asubiri kwanza asome hapa. Kuna mtu, au kundi la watu, anayewaliza wakulima tangu mawingu ya mvua za kwanza yalipoanza kujikusanya. Sitaji jina la ukurasa wao kwa sababu halikai: likishazoeleka linafutwa, kesho picha zile zile zinatokea kwa jina jingine.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Mlowo. Hiyo mashine sijainunua, naletewa. Msimu huu zimeingia kwangu planta za aina moja, zote mpya, zote zimevunjika pale pale, na wenye nazo hawajuani lakini habari yao ni moja.

Tangazo linaanza na video. Mtu anasukuma planta ya chuma kwenye shamba lililolimwa likalainika, mistari imenyooka, nyuma yake udongo unajifukia wenyewe. Shamba si la hapa, na ukitazama vizuri kwenye kona utaona nembo ya mwenye video imezibwa kwa maandishi makubwa mekundu. Bei ni Sh185,000, na pembeni imeandikwa 450,000 imekatwa mstari. Duka liko Kariakoo, lakini ukiuliza mtaa gani, jirani na nini, jibu ni "sisi mikoani tunatuma tu bosi, wateja wetu wote wanafurahi". Sehemu ya maoni imefungwa. Hao wateja wanaofurahi wanafurahia wapi?

Ukishakubali, unaombwa nusu ya hela. Wengine hapo ndipo hadithi inapokwisha. Baada ya nusu kunakuja picha ya risiti ya mzigo wa basi, kisha ombi la nauli ya mzigo, kisha "kuna ushuru kidogo umejitokeza", kisha namba haipatikani tena. Mama mmoja wa huku kwetu alitumiwa picha ya risiti yenye tarehe ya mwaka juzi, na mtu wa ofisi ya mizigo ndiye aliyemwonyesha.

Lakini waliopata boksi ndio walionifanya niandike, maana hao wanajiona wamebahatika mpaka siku ya kupanda. Boksi linafika stendi kweli. Unatakiwa umalizie hela kabla ya kulifungua, na kijana wa mizigo hana kosa, yeye kazi yake ni kusafirisha. Ukifungua unakuta umbo la planta, lakini si ile ya kwenye video. Ile midomo inayotoboa ardhi ni ya bati jepesi, naikunja kwa vidole. Springi za kufunga midomo ni laini, ukikutana na kisiki au udongo wa mfinyanzi hazirudi, mdomo unabaki wazi, udongo unajaa. Giya ni ya plastiki. Rola ya kupimia mbegu ina matundu ya saizi moja tu, na kila mtu anajua mbegu ya chotara inakuja na punje bapa na punje za duara, kubwa na ndogo, kutegemea mfuko. Punje kubwa ya duara inakwama na kuvunjika, ndogo bapa zinaanguka tatu tatu.

Mzee mmoja alipanda robo heka kwa mashine hiyo na baada ya siku kumi shamba likaota kama kinywa cha mtoto anayeng'oa meno. Mbegu alikuwa nayo, ya UH 6303 halisi, mbolea alikuwa nayo, mvua ilinyesha. Tulipofukua tulikuta punje nyingi ziko kina cha kama sentimita mbili, juu kabisa, kunguru wamezifaidi na nyingine zimekauka. Mahindi yanataka kina cha kama sentimita tano. Midomo ile ni mifupi, hata ukisukuma kwa kifua haifiki huko. Hasara yake hapo si ile 185,000. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, heka moja ina karibu mashimo 18,000. Planta ikiruka shimo moja katika kila matano, umekosa mashimo 3,600, na kurudishia wakati mengine yameshatangulia ni kupanda mahindi yatakayokaa kivulini.

Sasa nieleze namna ya kuwakamata kwa hesabu, maana maneno yao ni matamu lakini namba zao haziendani.

Wanasema mtu mmoja anapanda heka 10 kwa siku. Heka moja ni mita za mraba 4,047. Mistari ikiachana sentimita 75, ukiiunganisha yote unapata kama kilometa 5.4. Heka 10 ni kilometa 54, tena bila kuhesabu kugeuza kila mwisho wa mstari. Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni 2025, anakimbia kilometa 42 na ushee, barabarani, mikono mitupu. Wewe uende 54 shambani unasukuma chuma chenye mbegu na mbolea? Muuzaji anayekwambia hivyo hajawahi kuisukuma hata hatua mia.

Nyingine ni nafasi. Kwenye planta za gurudumu, umbali kati ya shimo na shimo unatokana na mzunguko wa gurudumu ukigawanya kwa idadi ya midomo. Hakuna uchawi. Chukua futi kamba, pima kutoka ncha ya mdomo mmoja hadi ncha ya mdomo wa upande wa pili kupitia katikati, zidisha kwa 3.14, gawanya kwa midomo. Sentimita 60 yenye midomo 6 inakupa kama 31, hiyo ni ya mahindi. Mashine nilizoletewa zina sentimita 40 na midomo 12, maana yake shimo kila sentimita 10 na nusu. Hiyo ni nafasi ya vitunguu! Wakiulizwa wanasema "ziba midomo mingine". Ukiziba miwili ukaacha mmoja unapata sentimita 31 kweli, lakini rola inaendelea kumwaga mbegu kwenye ile iliyozibwa, zinajazana humo hadi zinavunja giya. Karibu giya zote nilizoziona zimekatika kwa sababu hiyo.

Tahadhari nyingine ndani ya hii. Watu hao hao, ukisema mashine ni ghali, wanakuuzia "ramani ya kujitengenezea planta" kwa Sh15,000, faili la kwenye simu. Vijana wawili wameniletea niwatengenezee kwa kufuata ramani hiyo. Vipimo vya ukurasa wa kwanza havilingani na vya ukurasa wa tatu, na sehemu ngumu kuliko zote, yaani kipimio cha mbegu, haimo kabisa. Imechorwa duara tupu. Fundi yeyote anaweza kukunja bati na kuunga bomba. Planta inakuwa planta kwa kile kipimio. Fundi akikwambia atakutengenezea, mimi nikiwemo, mwambie akuonyeshe kipimio kikifanya kazi kwa mbegu yako kabla hujatoa advansi ya maana.

Na jaribio lenyewe ni dogo. Nenda na nusu kilo ya mbegu utakayopanda, si ya muuzaji. Inua gurudumu, tandika turubai chini, zungusha mara 10. Midomo 6 inatakiwa itoe punje 60 au karibu na hapo. Zikitoka 40, au 90, usihangaike nayo. Okota punje uzitazame moja moja, zilizovunjika zikifika tano mwachie mwenyewe. Kama ina tenki la mbolea, tazama DAP inaangukia wapi. Ikidondoka juu ya mbegu bila udongo kati yake, inaunguza chipukizi. Muuzaji mwenye mashine ya kweli hakatai jaribio hili, wengine watakuletea mbegu na kukuhesabia wenyewe.

Kwa wanaotafuta cha bei ndogo kinachofanya kazi, ile planta ya mkono ya kudunga, yenye miguu miwili inayobanwa na kufunguliwa, bado naiheshimu. Ilienea sana Brazil, na huku kwetu ilisambazwa na miradi ya kilimo hifadhi kule Karatu na Arumeru. Inafaa kwa heka moja hadi tatu. Ubaya wake ni mfinyanzi uliolowa, unaziba mdomo, na usipoiosha mbolea inaila bati mapema. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo mikoani, shirika lipo tangu 1973, waulize wanamfahamu nani anayetengeneza. CAMARTEC ya Arusha kazi yake ni zana za kilimo, kuzibuni na kuzifanyia majaribio. Kwenye Nane Nane viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya unazishika kwa mkono wako na kubishana na muuzaji ana kwa ana. Na kama huna haraka ya kuwa na mashine, kamba yenye alama kila sentimita 30 na watu wawili wenye majembe haijawahi kumwibia mtu.

Kwenye malipo, simu yenyewe inakuonyesha jina kabla hujaweka namba ya siri. Duka linasema ni kampuni, jina linalotokea ni la mtu binafsi usiyemjua, acha hapo hapo. Lipa kwa lipa namba yenye jina la biashara, dai risiti ya EFD, na andika kwenye makubaliano kwamba unamalizia hela baada ya kufungua boksi.

Aliyekwisha kutuma hela, asikae akisubiri majibu ya WhatsApp. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyo hiyo, maana hela ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni shida. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ndiyo ya kuripoti utapeli wa simu. Nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, uwe na ujumbe wa muamala, picha za tangazo na mazungumzo. Usifute chochote hata kama kinakutia aibu. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, lakini haiwezi kumfikia mtu ambaye kila mlalamikaji amefuta ushahidi wake.

Wenye mashine tayari, msizitupe. Chekecha mbegu kwanza upate saizi moja inayoenea matundu ya rola. Toa rola hiyo uilete kwa fundi, azibe matundu na kuacha manne, si kuziba midomo. Hayo manne yabaki yakiwa yamepangwa kwa usawa, kila tundu la tatu likielekea mdomo unaofanya kazi, na hiyo midomo minne ndiyo ibadilishiwe springi na kurefushwa kwa bati nene. Kwa minne hata kurefusha ni kazi ya kuangalia, maana gurudumu linakua na nafasi nayo inaongezeka, hivyo pimeni upya kabla ya kwenda shambani. Mbolea wekeni kwa mkono.