Soli za kupimiwa: ugumu upi kwa mguu upi

Mteja wa soli za kupimiwa, yaani zile za ndani ya kiatu zinazotengenezwa kwa vipimo vya mguu wake, akipewa mbili ashike, huziminya kwa kidole gumba na kuchagua iliyo laini. Hapo ndipo hela inapoanza kupotea. Kidole kina nguvu ya kilo chache tu, lakini mtu wa kilo 80 anapotembea, kila hatua huutwika mguu mmoja uzito wake wote na zaidi kidogo. Sponji iliyomfurahisha mezani kwa fundi hulala kama chapati, na upinde wa unyayo hurudi chini palepale ulipokuwa.

Kwa watu wengi, alama ya juu tunaipa EVA ya ugumu wa kati. Ni ndugu wa sponji ya ndala, ila imekazwa zaidi. Ugumu wake hupimwa kwa Shore A, kipimo cha ugumu wa mpira na sponji: 25 hadi 35 ni laini, 45 hadi 50 ni ya kati, 60 kwenda juu ni ngumu. Ile ya kati huchongwa kwa mashine ya msasa, kwa hiyo mahali panapobana hupunguzwa siku hiyohiyo, na kosa dogo la vipimo halimuumizi mvaaji. Ubaya wake ni unene: viatu vya ofisini vyenye pua nyembamba haviimezi.

Polipropilini ni ganda jembamba la plastiki lenye kifuniko laini juu. Hudumu miaka kadhaa, wakati EVA ya mtu anayetembea sana huomba kubadilishwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwa kawaida milimita 3 humtosha mtu mwepesi, na mzito hupewa 4 au zaidi. Lakini uzito peke yake unadanganya. Ganda refu hupinda kirahisi kuliko fupi, na ganda lenye upinde wa juu huwa gumu kuliko lililo bapa hata kama unene ni uleule. Ndiyo maana milimita 3 zinazomfaa mwenye upinde mkubwa anayevaa namba 39 zitalegea chini ya mwenye unyayo bapa anayevaa 45. Fundi anayekata unene mmoja kwa kila mteja hajafanya kazi yake.

Soli ya nyuzi za kaboni ni nyembamba kuliko zote na inafaa pale kidole gumba cha mguu kilichokakamaa kinapohitaji kuzuiwa kisikunjwe. Kwa matumizi mengine hatuipendekezi kirahisi: umbo likikosewa, kulirekebisha ni kazi ngumu, na bei yake ni ya juu.

Kabla ya kuagiza, simama kwa vidole. Upinde ukijitokeza, mguu bado unanyumbulika na unaweza kuongozwa na ganda gumu kiasi. Usipojitokeza hata kidogo, mwone mtaalamu akupime kwanza. Mguu uliokakamaa unahitaji kuegemezwa kwa kitu laini. Ukisukumwa kwa plastiki ngumu, mfupa hausogei, ngozi ndiyo inayoumia.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo asipewe ganda gumu lililo wazi. Fundi apime hisia kwa uzi wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, kisha apange tabaka: sponji laini ya polietilini inayogusa ngozi, na chini yake EVA imara zaidi. Sponji laini peke yake hubonyea hadi mwisho, na kidonda huanza bila maumivu yoyote kumwonya mgonjwa. Nyayo zikaguliwe kila jioni.

Nenda na viatu utakavyovaa, na utoe soli iliyokuja nayo kiwandani kabla ya kujaribu. Dai fomu yako iandikwe ugumu wa Shore, unene wa ganda na unene wa kifuniko, ili soli ya pili isiwe ya kubahatisha. Uliza pia fundi amesomea wapi. TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kuegemeza viungo, pale hospitali ya KCMC, Moshi, hufundisha kazi hii.

Siku ya kwanza vaa saa moja, kisha ongeza saa moja kila siku. Uchovu wa misuli wiki ya kwanza ni kawaida. Alama nyekundu isiyofutika nusu saa baada ya kuvua si kawaida: soli ni ngumu mno au upinde umeinuliwa kupita kiasi, irudishe ichongwe. Maumivu ya zamani yakirudi na kifuniko kimebonyea chini ya kisigino, ni laini mno. Na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, EVA hupoteza umbo kwa joto.