Mateka mbele ya viumbe wa sayari nyingine: hisabati au lugha yao?

Tuseme umetekwa na viumbe wa sayari nyingine, vita inanukia, na ni wewe tu unayeweza kuizuia. Uanze na nini?

Hisabati haina kwao. Ndiyo iliyotegemewa mwaka 1974, ujumbe wa redio kwa viumbe wa mbali uliporushwa angani kutoka darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico: biti (alama za 0 na 1) 1,679, yaani 23 mara 73, namba tasa mbili, ili mpokeaji ajue namna ya kuzipanga ziwe picha. Gonga ukuta mara mbili, tatu, tano, saba. Mlinzi mwerevu atashtuka kwamba hakufungia mnyama. Basi, imeishia hapo. Namba tasa haziombi radhi, wala haziahidi kwamba majeshi yenu yatarudi nyuma.

Lugha yao ni kazi ngumu. Mwalimu wako ni askari jela, kwa hiyo utaanza na amri na matusi, na ukishaimudu, wa kwenu watakuita msaliti. Lakini ahadi, vitisho, hata uongo, vyote hupita humo. Kima wa hadithi yetu, akiwa mgongoni mwa papa katikati ya bahari, aliokolewa na maneno: moyo nimeuacha mtini. Hesabu gani ingefanya hivyo?

Mimi hisabati ningeitumia siku ya kwanza tu, nisiliwe. Siku ya pili, lugha. (Na tusitarajie kupokewa kwa "hujambo": santuri iliyopelekwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977 ina salamu za lugha 55, Kiluganda kimo, Kiswahili hakimo.)