eActros 600: lori la umeme la safari ndefu, linalipa kweli?

Wakuu, mi napiga gari kubwa huku Ujerumani na hii Mercedes-Benz eActros 600 nimeiendesha, so naongea nilichokiona. Haina mngurumo wala mtetemo, mlima na mzigo inapanda bila kubembeleza gia, na kwenye mteremko mota inageuka jenereta inarudisha chaji kwenye betri, yaani pale mlima Kitonga, Iringa, ingekuwa raha tupu.

Betri ni kWh 621, kampuni inasema kilomita 500 na uzito wa jumla tani 40. Inatosha? Huku sheria ni masaa manne na nusu barabarani kisha unapumzika dakika 45, na lori linabanwa kwenye 80 kwa saa, kwa hiyo muda wa kupumzika unafika hata kilomita 400 hujamaliza. Kukiwa na chaja ya megawati (zile za nguvu kubwa za malori) betri inatoka asilimia 20 hadi 80 kwa kama nusu saa, ila sasa hizo chaja ni za kutafuta kwa tochi, nyingine zimejengwa kwa magari madogo mpaka ukate tela kwanza, kero.

Bei ya kununua ni kama mara mbili ya dizeli au zaidi, lakini tozo ya barabara hulipi. Bosi mwenye ruti ya kujirudia na anachaji usiku depo kwake, achukue. Ukitegemea chaja za njiani faida inayeyuka.

Nyota nne. Dar–Tunduma? Bado sana, chaja ziko wapi?